Mkato Mmoja, Mistari Miwili

Chukua faili dogo la wanachama wa kikundi cha akiba. Kila mstari una jina, mji na umri, na kati yake kuna mkato:

Asha Juma,Tanga,34
Baraka Said,Lindi,41

Anayejifunza C++ akipewa kazi ya kulisoma atakimbilia getline, na hajakosea. Amri hiyo hupewa vitu vitatu: mkondo wa kusomea, mahali pa kuweka kilichosomwa, na herufi ya kusimamia. Ukiandika getline(faili, jina, ',') itachota herufi moja moja hadi ikutane na mkato, itaumeza bila kuuhifadhi, kisha itasimama. Jina limepatikana: Asha Juma, pamoja na nafasi yake ya katikati. Mwanafunzi anarudia amri ileile kwa mji, kisha kwa umri, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Badala ya 34 anapata 34, alama ya mstari mpya na jina la Baraka Said, vyote vimeshikana.

Ukishataja mkato, mkato ndio kikomo pekee, na alama ya mstari mpya inageuka kuwa herufi kama herufi nyingine. Getline ni kama konda mgeni aliyeambiwa ashushe abiria Magomeni tu. Vituo vingine vyote atavipita. Haijui rekodi ni nini, wala safu. Kwa hiyo sehemu ya mwisho isomwe hadi mwisho wa mstari, yaani bila kutaja kikomo chochote, kwa kuwa usipokitaja, amri husimamia mstari mpya.

Mimi hupendelea njia ndefu kidogo: soma kwanza mstari mzima, kisha uupeleke kwenye mkondo wa kumbukumbu, istringstream, na ukate sehemu humo. Faida yake huonekana siku karani anaposahau mkato mmoja. Ukisoma moja kwa moja kutoka kwenye faili, kosa humwagikia mstari unaofuata: mji unameza jina la mwanachama anayefuata, na mji wake na umri wake vinaingia pamoja kwenye umri. Ukisoma kwa mistari, kosa hubaki kwenye mstari wake na unaweza kulitaja kwa namba.

Alama ya >> ina tabia nyingine. Huruka nafasi zilizotangulia, husoma, kisha husimama kwenye nafasi inayofuata na kuiacha palepale. Ndiyo maana ukisoma umri kwa cin >> umri halafu ukaita getline kuuliza jina, unapata jina tupu: getline imekuta ule mstari mpya uliobaki na kudhani kazi imekwisha. Tibu kwa cin.ignore, uyatupe mabaki hayo kabla ya kuendelea. Wanaotumia Scanner ya Java wanaijua shida hiyohiyo kati ya nextInt na nextLine.

Sehemu tupu nazo zina vituko. Kwenye Neema Mushi,,29 mji haukuandikwa. Getline itakupa mji mtupu, kama inavyotakiwa, lakini strtok ya C huhesabu mikato miwili iliyofuatana kuwa mmoja, na Neema anajikuta akiishi mji uitwao 29. Getline yenyewe hukwama ikiwa sehemu tupu ndiyo ya mwisho: baada ya mkato wa mwisho hakuna herufi iliyobaki kwenye istringstream, hivyo badala ya kurudisha sehemu tupu inaripoti kushindwa.

Kisha kuna jina lenye mkato ndani yake. Waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005 unaeleza desturi ya kulifunga kwa alama za usemi, "Salim, Mwinyi",Pemba,52, na alama ya usemi ikitokea ndani, iandikwe mara mbili. Alama hizo za usemi zinaweza hata kubeba mstari mpya ndani yake. Hapo getline peke yake haitoshi, na hata ile njia yangu ya mistari inavunjika. Tumia maktaba iliyokwisha kuandikwa, kama moduli ya csv ya Python. Cha kuchekesha ni kwamba ASCII ina namba 31 ya kutenganisha sehemu na 30 ya kutenganisha rekodi, herufi ambazo hakuna jina la mtu linalozibeba. Lakini hazina vitufe vyake kwenye kibodi, na karani ataandika kile anachokiona.

Kisichoonekana pia kinaweza kukusumbua. Faili la Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10. Ukilisoma kwenye Linux, getline huondoa 10 na kuiacha 13 mkiani. Kwenye skrini neno ni lilelile, ila ukililinganisha na lile unalolitafuta, programu inakwambia hayafanani.

Mwisho wa faili una mtego wake. Wengi huandika while (!faili.eof()), na mwishoni mwa orodha anatokea mwanachama asiyekuwemo kwenye faili. Bendera ya eof haipandi kwa sababu umefika ukingoni. Inapanda pale unapojaribu kusoma na mkondo ukakosa cha kukupa. Mzunguko unaingia mara moja ya ziada, usomaji unashindwa, na matokeo ya usomaji huo ulioshindwa yanachapishwa. Andika while (getline(faili, mstari)), ili kusoma kwenyewe kuwe ndilo sharti la kuendelea.