Jino la Kupandikiza na Mfupa Unaolibeba

Napenda wiki hii tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana si la mwalimu wa chuo, nalo ni meno.

Asomeshaye tajwidi anajua kwamba herufi tha na dhal hazitoki ila ncha ya ulimi ikutane na ncha za meno ya mbele ya juu, na fa haitoki ila meno hayo yaguse mdomo wa chini. Miaka miwili iliyopita niling'olewa mawili kati ya meno hayo. Nilipofika kwenye dhal ya Al-Fatiha, haikutoka kama inavyostahiki. Nikaona haya mbele ya Mola wangu, nikamwachia mwanafunzi wangu mihrabu.

Nilishauriwa kupandikiza meno, lakini niliogopa. Ami yangu aliuza mashua yake ili apandikiziwe gego mjini, na kabla ya mwaka wa tatu jino likalegea, likatoka pamoja na kipande cha mfupa. Hivyo nilimuuliza daktari wangu: kwa nini la mmoja hudumu na la mwingine hutoka?

Elimu hii ilianza na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi. Mwaka 1952 aligundua kwamba madini ya titaniamu aliyoyatia katika mfupa wa sungura yameshikamana nao hata hayatoki. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, naye akaishi na meno hayo hadi alipofariki mwaka 2006.

Jino la kuumbwa halikugandamana na taya. Baina yake na mfupa mna nyuzi laini, upana wake takriban robo ya milimita, zinazopokea kishindo cha kutafuna. Subhanallah! Parafujo ya titaniamu haina nyuzi hizo. Nayo ni kavu kupinda kuliko mfupa kwa zaidi ya mara tano, kwa hiyo mzigo wote humwagika moja kwa moja kwenye mfupa.

Humwagika wapi? Sisi watu wa Pate tunaweza kulifahamu hili kwa kuutazama mlingoti. Upepo husukuma tanga juu, lakini mlingoti ukivunjika, mara nyingi huvunjika pale unaposhikwa na ubao, si kule chini unakokalia. Vivyo hivyo, mkazo mkubwa hukusanyika kwenye ukingo wa juu wa mfupa, shingoni mwa parafujo. Ndipo mfupa unapoanza kuliwa.

Kwa sababu hiyo umbo lina uzito wake. Parafujo nyingi zina upana wa milimita 3.5 hadi 5. Kuongeza upana hupunguza mkazo wa shingoni kuliko kuongeza urefu, mradi ubaki mfupa wa kutosha pande zote. Kisha kuna hesi, yaani ile mistari inayoizunguka parafujo. Mfupa hustahimili sana kugandamizwa, hustahimili kidogo kuvutwa, na hushindwa upesi ukikwaruzwa kwa ubavu. Hesi iliyoundwa vyema huugeuza mzigo uwe wa kugandamiza. Shingo laini isiyo na hesi huacha mfupa ukwaruzwe. Hesi ndogondogo hapo husaidia kuulinda.

Ila umbo zuri haliokoi kazi mbaya. Jino lililopandwa kwa mshazari, au lenye kichwa kirefu, au lililobebeshwa jino jingine linaloning'inia kando, huzidisha mkazo kama tanga kubwa katika mlingoti mfupi. Ami yangu alitiwa parafujo nyembamba mahali pa gego, ikabebeshwa meno mawili. Wala mkazo wote si adui: mfupa usiofanyishwa kazi husinyaa, ndiyo maana taya lililopoteza meno hupungua. Linalotakiwa ni wastani, kama katika mambo yote.

Wapo wanaouliza iwapo huku si kubadili maumbile. Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua vitani, akajifanyia ya fedha, ilipotoa harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifanyie ya dhahabu. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Kurudisha kilichopotea si sawa na kubadili kilichopo. Na kwa kuwa jino hili limeshikamana na mwili, halihitaji kutolewa wakati wa udhu wala josho.

Ewe ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa zako, muulize daktari mambo manne: mfupa wangu una upana gani? Parafujo ina upana gani, na kwa nini huo? Itabeba jino moja au zaidi? Tutasubiri muda gani kabla ya kuitafunia? Kwa kawaida ni miezi mitatu hadi sita, na taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini, huhitaji subira zaidi. Mwenye kisukari na mvutaji wa sigara waseme kweli, kwani mfupa wao hupona kwa shida. Baadaye ufizi usafishwe kila siku, nao mswaki ni sunna. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mimi nilisubiri miezi mitano. Ramadhani iliyopita nilirudi mihrabuni, na dhal ikatoka mahali pake. Alhamdulillahi.