Mgonjwa wa kansa akiruhusiwa kuja nyumbani: likizo ni sehemu ya dozi

Leo naomba tuweke siasa na Simba na Yanga pembeni kidogo. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, ruka moja kwa moja mpaka kwenye kipande cha HOMA, halafu siku nyingine ndo urudi huku juu.

Mama yangu mdogo anaishi Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma. Ana kansa ya titi, na kemo alikuwa anapatia Ocean Road, Dar es Salaam. Alipangiwa dripu nne, moja kila baada ya siku 21, halafu upasuaji. Baada ya dripu ya pili akaruhusiwa kuja kupumzika nyumbani. Zamani safari ilikuwa kukaa kwenye basi kutwa nzima, ila tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, ni saa chache tu.

Alifika kachoka ila anacheka. Uvimbe ulikuwa umenywea mpaka mwenyewe anashangaa. Majirani wakaja na kuku, wakasema mama umepona. Mjomba naye akatoa hoja yake: nauli ya kurudi Dar iende kwanza kwenye palizi, mgonjwa atarudi tukishavuna alizeti. Kikao kizima kikaitikia. Mimi mwenyewe nilikaribia kukubali, sifichi.

KWANINI WANAMPA MTU LIKIZO?

Kemo inashambulia chembe zinazojigawa haraka. Za kansa ziko hivyo, lakini hata za nywele, za mdomo, za utumbo na za uboho ndani ya mifupa, ambako damu inatengenezwa, ziko hivyo hivyo. Ndo maana nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda na kinga ya mwili inashuka. Zile wiki tatu ni za kuupa mwili nafasi ya kujijenga. Chembe nzima zinajirudi haraka kuliko za kansa, kwa hiyo dripu inayofuata inaikuta kansa bado imelegea. Ukikaa miezi mitatu nayo inasimama tena, na safari hiyo inaweza isisikie dawa ile ile.

Uvimbe ukinywea maana yake dawa inafanya kazi, sio kwamba imemaliza kazi. Chembe zilizobaki huwezi kuziona kwa macho wala kuzipapasa kwa vidole.

SIO KILA TIBA INA LIKIZO

Mionzi kwa kawaida ni Jumatatu mpaka Ijumaa, mapumziko ni wikiendi tu. Kwa kansa ya shingo ya kizazi, ambayo inawapata sana mama zetu, lengo ni mionzi yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki nane. Hapo hakuna cha kusema naenda Dodoma mara moja kusalimia. Na vidonge vya kila siku kama tamoxifen, vinavyomezwa miaka 5 au zaidi, vinasafiri na mwenyewe. Mtu anaenda likizo, vidonge haviendi.

HOMA

Hapa naomba msome taratibu. Kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinakuwa chini kabisa. Siku ya 10, saa nne usiku, mama mdogo akaanza kutetemeka. Kipimajoto kikasoma 38.6. Zahanati tuliyoanzia wakampa dawa ya malaria bila hata kumpima, wakasema nendeni mkalale. Kadi ya kemo nikawaonyesha, hawakuijali. Tukakodi gari mpaka hospitali kubwa. Daktari kuiona tu ile kadi, akachukua damu na kuanza antibiotiki za mshipa usiku ule ule.

Kwa mtu wa kemo, homa ya 38 na kuendelea ni dharura. Usimpe Panadol ukasubiri kukuche. Inashusha joto, vijidudu vinabaki. Malaria apimwe ndiyo, ila isiwe mwisho wa maswali.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Kabla ya kuondoka muulize daktari: tarehe ya kurudi ni lini, damu ipimwe lini, na homa ikija tukimbilie wapi? Dodoma mjini tuna Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa.

2. Nauli ya kurudi iwekwe pembeni siku ile ile anayofika.

3. Kadi ya matibabu itembee naye popote.

4. Maziwa yachemshwe, nyama iive, zabibu zioshwe kwa maji salama. Ugali wa uwele na mlenda ruksa.

5. Wageni. Kwetu huwezi kumzuia mtu kuja kumpa pole mgonjwa. Sisi tuliweka viti nje chini ya mti, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mwenye mafua alisalimia kwa mbali.

6. Dawa za kienyeji usizifiche kwa daktari. Baadhi zinagongana na kemo, nyingine zinaumiza ini.

Mjomba je? Nilimwamkia, nikamuuliza: mjomba, shamba ukilipalilia mara mbili likapendeza, halafu ukaacha, magugu yanafanyaje? Alikaa kimya muda mrefu. Kesho yake akauza mbuzi.

Mama mdogo akarudi Dar kwa tarehe yake. Damu ilikuwa bado chini, daktari akasogeza dripu wiki moja. Hiyo ni sawa, amepima ndo akaamua. Sisi tulitaka kusogeza kwa kuangalia alizeti. Sasa hivi kamaliza dripu ya nne, anasubiri upasuaji. Bado tunaomba Mungu.

Wenye wagonjwa nyumbani, nyie mliwezaje kwenye nauli na kwenye vikao vya ukoo? Tupieni kwenye maoni hapo chini, kuna mtu anahitaji kusoma.