Baridi na haki ya mama anayenyonyesha

Ndugu Waislamu, kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwa kali katika nyanda za juu kama Njombe, Makete na Lushoto. Watu hukaa ndani pamoja, madirisha yakafungwa, na mafua yakaenea upesi. Mama anayenyonyesha, ambaye usingizi wake hukatika mara kwa mara usiku, hachelewi kuyapata.

Wapo wanaomshauri mama huyo aache kunyonyesha kwa muda, wakihofia maziwa yatampa mtoto ugonjwa. Hofu hiyo haina msingi. Mafua huenezwa kwa chafya, kikohozi na mikono, si kwa maziwa. Isitoshe, mwili wa mama unapopambana na maradhi hutengeneza kinga ambayo humfikia mtoto kupitia maziwa hayo hayo. Basi anyonyeshe, ila anawe mikono kwa sabuni na afunike pua na mdomo. Asimeze dawa bila kumuuliza mganga wa kituo cha afya, kwani baadhi ya dawa za kukausha mafua hupunguza maziwa.

La pili ni jiko la mkaa. Wengi huliingiza chumbani ili mzazi na mtoto wapate joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje.

Joto litoke wapi, basi? Katika Suratul Baqarah, aya ya 233, Allah (SW) ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, na hapo hapo akamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa wema. Tuzingatie: mavazi yametajwa sambamba na chakula. Kwa hiyo sweta, blanketi, soksi, uji wa moto, maharage na mayai si hisani ya mume. Ni haki ya mke. Na maji ya baridi ya alfajiri ya kufulia nepi, kwa nini yasiguswe na mikono ya baba?

Mtoto akipumua kwa haraka, kifua kikibonyea au akikataa ziwa, ama mama akipata homa na titi likawa jekundu na kuuma, waende hospitali siku hiyo hiyo.

Tunamwomba Allah awahifadhi mama zetu na watoto wetu. Amin.