Kuku na Viazi katika Sufuria Moja

Huko Ugiriki watu hupika kuku, viazi, malimau na vitunguu saumu katika chombo kimoja. Upishi huu wafaa sana kwa akina mama wa Gakindu, katika Nyeri, kwa kuwa viazi na kuku ni vitu vya nyumbani, tena hutumika moto mmoja tu, na kuni huokolewa.

Chagua kuku mchanga. Jogoo mzee ni mgumu, naye hana budi kuchemshwa kwanza hata alainike. Mkate vipande 8. Menya viazi 8 vya kadiri, uvipasue mara nne. Changanya maji ya malimau 2, vijiko 3 vya mafuta, punje 4 za kitunguu saumu zilizopondwa, na chumvi. Paka nyama, uiache nusu saa.

Panga viazi chini ya sufuria nzito, na nyama juu yake. Tia kikombe kimoja cha maji, ufunike. Weka sufuria juu ya makaa machache, na makaa mengine juu ya kifuniko, ili joto litoke pande zote mbili.

Baada ya saa moja, choma paja kwa kisu mpaka mfupani. Maji yakitoka mekundu, rudisha motoni, maana kuku asiyeiva huleta ugonjwa wa tumbo, hasa kwa watoto. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia mboga.

Chakula hiki chatosha watu sita, na chombo cha kuosha ni kimoja.