Mzee aliyetaka kununua sumukuvu

Mwezi Februari, wakati mahindi ya mvua za vuli yanaingia maghalani, nilikuwa katika duka moja la pembejeo mjini Wote nikingoja chenji yangu. Mzee mmoja akaingia, akavua kofia, akamsalimu binti wa dukani kisha akasema, "Mwanangu, nipimie sumukuvu ya magunia sita."

Binti alimkodolea macho. "Ya kuua fukusi, mzee?"

"Fukusi nimewamaliza. Mimi nataka ile ya kuua kuvu. Wameitaja redioni."

Kicheko kilinijia nikakimeza. Halafu nikatambua kwamba mzee hakuwa amekosea chochote. Alifanya kile ambacho mzungumzaji yeyote wa Kiswahili hufanya akikutana na neno jipya: alilipasua katikati, akatazama vipande vyake, akapata maana. Sumu ya panya huua panya. Sumu ya mchwa huua mchwa. Basi sumukuvu, kama Kiswahili ni kile kile, huua kuvu. Na magunia yake yana kuvu. Sasa asinunue?

Waama, sumukuvu ni kinyume cha hayo. Ni jina walilolizoea wenzetu wa Tanzania, na ambalo sasa linapenya hadi huku, la kuitaja sumu inayotengenezwa na kuvu yenyewe inapoota juu ya mahindi, karanga na nafaka nyingine. Ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Nilijaribu kumweleza mzee. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi: "Mwalimu, kama inatoka kwa kuvu, mbona ile ya nyoka hamuiti sumunyoka?"

Hapo ndipo penye ugumu. A-unganifu katika Kiswahili ina kazi nyingi mno. Sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka. Sumu ya panya humwendea panya. Sumu ya mshale hupakwa mshaleni. Msikilizaji hajui ipi ni ipi kwa sababu ya sarufi. Anajua kwa kuwa amewaona nyoka na panya, na tabia zao anazifahamu. Kuvu je? Tangu utotoni ameijua kuvu kama kitu kinachoharibu chakula, kama kutu inavyoharibu jembe. Hajawahi kuambiwa kwamba inatema sumu. Waundaji wa sumukuvu waliiondoa a-unganifu wakazibananisha nomino mbili, kama zilivyobanana bata na mzinga katika batamzinga. Mbinu hiyo ni halali kabisa. Ila kuiondoa a-unganifu si kuliondoa swali: sumu itokayo kwa kuvu, au iiendeayo?

Batamzinga nimemtaja makusudi, maana yeye ndiye aliyeifichua sumu hii. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya laki moja walikufa nchini Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana. Uchunguzi uliishia kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndani ya mashudu hayo ikapatikana kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Wanasayansi wakachukua A ya jina la kwanza, fla ya jina la pili, wakaongeza toksini. Ndiyo aflatoksini.

Tuendelee kulipasua. Aspergillus ni jina lililotolewa mwaka 1729 na kasisi Mwitaliano, Pier Antonio Micheli, ambaye alipoitazama kuvu hiyo kwa hadubini aliona umbo la kile chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Flavus ni manjano kwa Kilatini. Na toksini? Asili yake ni Kigiriki, toxon, yaani upinde. Sumu iliyopakwa mishale ndiyo iliyoitwa toxikon. Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii, kijana mmoja wa Kitui aliinua mkono akasema, "Basi, mwalimu, hilo neno ni letu." Kwa watu ambao mababu zao walisifika kwa upinde na mishale ya sumu, hakuwa mbali na ukweli. Aidha, wanaoandika "sumu ya aflatoksini" wajue wanaandika "sumu ya sumu".

Lakini nisije nikanogewa na asili za maneno nikasahau kwamba watu wamekufa.

Mwaka 1981 ugonjwa wa ini uliziingia familia kadhaa katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Wagonjwa 20 walilazwa, 12 wakafariki. Mahindi ya nyumba mbili zilizoathirika yalipopimwa, sampuli moja ilikuwa na aflatoksini sehemu 3,200 kwa bilioni na nyingine 12,000. Watafiti waliandika vizuri, na mwaka 1982 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet la London. Kwa Kiingereza, bila shaka. Mkulima wa Kathonzweni angeyasomea wapi?

Miaka 23 ikapita. Kati ya Januari na Julai 2004 maradhi yale yale yakazuka tena, safari hii makubwa zaidi, Makueni na Kitui zikiumia kuliko kwingine. Waliougua walihesabiwa 317. Waliokufa, 125. Yaani kati ya kila wagonjwa watano, wawili hawakurudi nyumbani.

Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na wataalamu wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ilifanya utafiti ambao hadi leo hutajwa kote duniani. Waliwachukua wagonjwa 40 wakawalinganisha na majirani 80 wasiougua. Mbinu ni rahisi kuieleza kwa Kiswahili cha kawaida: ukitaka kujua kilichomdhuru mgonjwa, muulize alichokula, kisha muulize mwenzake mzima wa kijiji hicho hicho alichokula, utafute tofauti. Tofauti ilikuwa mahindi ya shambani mwao wenyewe. Njaa na hofu ya wezi viliwafanya watu wayavune mabichi na kuyaweka ndani ya nyumba wanamolala, yakiwa na unyevu, badala ya ghalani penye hewa. Wastani katika mahindi ya wagonjwa ulikuwa sehemu 354 kwa bilioni; katika ya wazima, 44. Kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa 20. Kwa hiyo hata wazima walikuwa wakila sumu, ila walikula kidogo. Na sokoni? Zilichukuliwa sampuli 350 kutoka masoko 65, na zaidi ya nusu zilipita kiwango.

Sehemu 20 kwa bilioni ni kitu gani lakini? Hesabu zake ni hizi: katika gunia la kilo 90, ni miligramu 1.8 pekee. Chembe thelathini hivi za chumvi ya mezani, ukizitawanya katika gunia zima la mahindi. Tena haisambai sawasawa. Hukaa punje hii na kuiruka ile, ndiyo maana mtu anaweza kuchoma bambo upande mmoja wa gunia akatoa mahindi safi, na upande wa pili pamejaa mauti.

Miaka kadhaa baada ya mkasa huo niliombwa kusaidia ukalimani katika baraza moja huko Kitui, ambako watafiti wa chuo kikuu kimoja walikuwa wamekuja kuwarudishia wananchi matokeo ya utafiti wao. Walikuwa na kijikaratasi cha Kiswahili. Mstari wa kwanza ulisema, "Mahindi yenu yana sumu." Nilipomaliza kuusoma, mama mmoja akasimama. "Nani ameitia?"

Watafiti walitazamana. Wao walidhani ni swali la mzaha, ilhali mama alikuwa akizungumza Kiswahili safi kuliko kijikaratasi chao. Sumu katika lugha hii ina mwenyewe. Mtu hutiliwa sumu, hulishwa sumu, huwekewa sumu. Nyuma ya neno hilo kuna mkono. Ukiwaambia watu waliozika jamaa zao kwamba chakula kilikuwa na sumu, umewaambia kuna muuaji, na macho yataanza kumtafuta: mwenye duka, jirani, mke mwenza. Watafiti hawakuwa wamemtuhumu mtu. Lugha ndiyo iliyotuhumu.

Hayo hayakutosha. Chini zaidi, katika orodha ya dalili, mtu aliyetafsiri alikuta hali ya macho na ngozi kugeuka manjano ini linaposhindwa, naye akaandika "homa ya manjano". Homa ya manjano ni maradhi mengine kabisa, yaletwayo na mbu, yenye chanjo yake. Basi wazee wakauliza chanjo italetwa lini! Nilitamani ardhi inimeze. Manjano ya macho si homa. Mwambie mtu: ukiona macho yamekuwa ya manjano, tumbo linajaa na miguu inavimba, nenda hospitali leo.

Wapo wanaopendekeza "sumu ya ukungu", kwa hoja kwamba Mkenya huliita lile vumbi la kijani au manjano juu ya mahindi ukungu, si kuvu. Ni kweli tunasema hivyo. Lakini ukungu ndio pia ule unaotanda alfajiri kwenye vilima vya Mbooni, na sitashangaa siku moja kusikia watu wakiwafungia watoto ndani asubuhi. Baadhi ya wanaisimu nao wana lalama yao: sumukuvu, tukilitafsiri kipande kwa kipande, ni jina la ukoo mzima wa sumu za kuvu, na aflatoksini ni mmoja tu wa ukoo huo. Hoja hiyo ina nguvu darasani. Ghalani haina uzito, kwa maana kinga ni ile ile.

Mimi naliunga mkono sumukuvu, kwa sababu moja ambayo mama wa Kitui alinifunza. Ukilifafanua, neno hilo linamtaja mhusika. Nani ameitia? Kuvu. Ila lisipelekwe peke yake. Tumekuwa na mazoea, sisi wa vyuo vikuu, ya kudhani kazi ya lugha imekwisha pale istilahi inapopatikana. Mzee wa Wote alikuwa na istilahi, tena aliitamka vizuri. Alichokosa ni sentensi. Kwa hiyo, pale dukani, niliposhindwa kwa maelezo ya kitaalamu nilimwambia hivi: "Mzee, kuvu hutema sumu kama swila. Ukimwua swila, sumu aliyokwisha kuitema bado ipo."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nikiipangusa kuvu…"

"Sumu inabaki."

"Na nikichemsha?"

"Haisikii moto wa jikoni."

"Loo! Basi dawa ni kukausha."

Sikuwa nimemwambia kukausha. Alifika huko mwenyewe. Binti wa dukani ndiye aliyemkumbusha kipimo cha chumvi: tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngoja kidogo; chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Alinunua turubai la kuanikia akaenda zake.

Kuna utafiti mmoja ambao ninautamani uwafikie watu wa Kitui na Makueni kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2008 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha matokeo ya kuichunguza muthokoi. Msomaji wa pwani huenda haijui: ni mahindi yaliyotwangwa kinuni yakakobolewa ganda, yakapikwa na maharagwe au mbaazi, na Mkamba aliye mbali na kwao huiota usiku. Walipima sumu kabla na baada ya kukoboa, wakagundua kwamba kukoboa peke yake huipunguza karibu nusu, kwa wastani. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Hebu fikiria! Akina mama wa Ukambani wamekuwa wakiondoa sumu kwa mchi na kinu bila kuambiwa na mtu. Nusu iliyobaki bado inaweza kudhuru ikiwa mahindi yalikuwa mabaya sana, kwa hiyo asije mtu akadhani kinu ni kinga kamili. Lakini huo ndio utafiti unaostahili kuanza baraza: watu waambiwe kwanza wanachofanya vizuri.

Niliusimulia nyumbani kwa mama mmoja wa Mutomo, rafiki wa familia yetu, aliyekuwa akitwanga nilipofika. Alifurahi, akacheka, akamwita mkwewe aje asikie. Kisha mchi ukasimama hewani.

"Mwanangu, unasema sumu imeenda kwenye ganda?"

"Ndiyo, mwaitu."

Akaitazama ungo iliyojaa wishwa, halafu akatazama zizini. Wishwa ule kila jioni humpa ng'ombe. Ikanibidi nimweleze na hili: ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hugeuka umbo kwenye ini na kutoka katika maziwa. Wataalamu wameipa umbo hilo alama ya M, kutokana na neno la Kiingereza la maziwa. Kiswahili bado hakijalipa jina. Mama hakuniuliza jina. Aliuliza kama wajukuu wanaweza kunywa chai ya maziwa jioni hiyo.