Una presha au kisukari? Hii ndiyo sababu faili lako kwenye kompyuta ya kliniki ni muhimu

Umehamia mji mwingine kikazi. Daftari la kliniki lilipotea wakati wa kuhama. Daktari mpya anakuuliza: "Ulianza dawa lini? Vipimo vya mwisho vilikuwaje?" Huna jibu.

Kwa malaria, hilo si tatizo kubwa. Unapimwa, unameza dawa, unapona. Lakini kwa ugonjwa wa kudumu kama kisukari, presha au VVU, historia yako ni sehemu ya matibabu.

Kipimo kimoja hakitoshi

Tuseme presha yako leo ni 150/95. Je, hali ni nzuri au mbaya?

Kama miezi mitatu iliyopita ilikuwa 180/110, huenda dawa zimeanza kufanya kazi. Kama ilikuwa 128/80, kuna jambo limebadilika na linafaa kuchunguzwa. Bila kumbukumbu, daktari anaona namba ya leo tu.

Sukari nayo ni vivyo hivyo. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa takriban miezi 3 iliyopita, na kwa watu wazima wengi wenye kisukari lengo ni chini ya asilimia 7. Kikipanda polepole mwaka mzima, unaweza usihisi chochote, huku figo na macho yakiendelea kuumia.

Kompyuta inasaidia vipi?

Faili la kielektroniki linaweka vipimo, dawa na tarehe zako mahali pamoja. Pia linaweza kumkumbusha daktari kile alichosahau.

Kenya haijaanza jana. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa nchi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Uzoefu huo ulichangia kuanzishwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ambayo nchi yoyote inaweza kuitumia na kuibadilisha bila kulipia. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika sana kwenye kliniki za VVU, umejengwa juu yake.

Mjini Eldoret, watafiti walijaribu jambo rahisi. Kompyuta ilipitia faili la mgonjwa kisha ikachapisha muhtasari wenye kikumbusho: huyu amepitisha muda wa kupimwa CD4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa kliniki iliyopata vikumbusho iliagiza vipimo hivyo zaidi kuliko ile isiyovipata.

Hapakuwa na dawa mpya wala mashine ya bei ghali. Daktari alikumbushwa tu, kwa wakati.

Mbona bado naulizwa maswali yaleyale?

Kwa sababu hospitali nyingi zinatumia mifumo isiyowasiliana. Faili lako la huku halionekani kule. Kwingine umeme au intaneti hukatika, au mhudumu anaandika kwenye karatasi kwanza na taarifa zinaingizwa baadaye. Zisipoingizwa, kikumbusho hakitoki.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inalenga, pamoja na mengine, kuwezesha mifumo hiyo kubadilishana taarifa.

Nani anaruhusiwa kuona faili langu?

Si kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Una haki ya kuomba kuona taarifa zako na kutaka makosa yarekebishwe.

Ufanye nini kliniki ijayo?

• Jiandikishe kwa jina lilelile na namba ileile ya kitambulisho kila mara. Leo "Mary", kesho "Maria", unajikuta na mafaili mawili na historia nusunusu.

• Ukibadilisha namba ya simu, waambie mapokezi. Ujumbe wa kukukumbusha tarehe ya kliniki haufiki kwenye laini uliyoitupa.

• Uliza namba zako: presha, HbA1c na kipimo cha figo. Uliza pia za mara iliyopita.

• Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za duka la dawa na za kienyeji. Kompyuta haijui usichosema.

• Piga picha daftari lako na majibu ya maabara, kisha uzihifadhi kwenye simu yenye nywila.

Na ukiambiwa "uko sawa", usiondoke hapo hapo. Uliza: "Ukilinganisha na mara ya mwisho, naendelea vizuri au narudi nyuma?" Kama faili lako limejazwa vizuri, jibu lipo kwenye skrini iliyo mbele ya daktari.