Kabla fundi hajapiga lipu, pitisha paipu ya intaneti

Wajasiriamali wenzangu, leo nawapa somo ambalo mimi nimelilipia mara mbili.

Nauza viatu vya mtumba mtandaoni, na stoo yangu ni chumba cha nyuma hapa nyumbani. Rauta iko sebuleni, na katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji. Nikiingia laivu, picha inaganda. Siku moja wateja watatu waliandika "yangu" kwenye raba moja, mimi huku nimeganda na raba mkononi. Laivu iliporudi nikampa wa mwisho, kumbe wa kwanza alikuwa mteja wangu wa miaka miwili. Mpaka leo hajarudi.

Nikadhani tatizo ni bando, nikaongeza kifurushi. Wapi! Ndipo nikapima spidi nikiwa pembeni ya rauta: iko safi. Nikapima stoo: haifiki hata robo. Kumbe ukuta ndio unakula Wi-Fi. Na wewe anza na kipimo hicho. Kama hata pembeni ya rauta spidi ni mbovu, waya hautakusaidia, ongea na anayekuuzia intaneti.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimekarabati nyumba hiihii. Fundi umeme alikuwa anatindua ukuta kupitisha waya zake, kuongeza paipu moja isingekuwa kazi kubwa. Sikuwaza. Nikaja kutindua upya ukuta wenye rangi, nikalipa fundi, lipu na rangi kwa mara ya pili.

Kwa hiyo wewe unayekarabati sasa hivi, shika haya:

1. Paipu kwanza. Usizike waya mtupu kwenye lipu. Weka paipu ya plastiki ya milimita 25 kutoka kwenye rauta mpaka unapofanyia laivu, na kona zake ziwe za mviringo, siyo kali. Acha kamba ndani, ili siku waya ukiharibika uvute mwingine bila kugusa ukuta. Hela ya waya haijatosha? Zika paipu tu, waya utakuja.

2. Usichanganye na umeme. Fundi atakwambia "tupitishe humohumo tu". Kataa. Ni hatari, na umeme unavuruga mawasiliano. Paipu zikienda sambamba, ziachanishe kama sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba.

3. Nunua waya wa shaba tupu. Cat6 inabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, nyumba zetu hazifiki huko. Dukani omba kipande, kwangua kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: inakatika kirahisi na inapoteza nguvu njiani. Bei yake ndogo isikudanganye.

4. Pitisha waya mbili. Mmoja ukifa, wa pili upo, au unafungia kamera ya stoo. Andika alama ncha zote mbili usije ukabahatisha.

5. Pima, piga picha, ndipo lipu. Ndani ya waya kuna nyuzi 8, na mpangilio wa rangi lazima ufanane ncha zote mbili. Kwenye kipimo cha fundi, taa ziwake 1 mpaka 8 kwa mfuatano. Kisha piga picha ukuta na futi ikionekana, kesho mtu asije akapigilia msumari juu ya paipu.

Najua utauliza: simu inachomekwaje? Mimi nimeweka rauta ndogo ya pili hapo stoo, inapokea kwa waya na kutoa Wi-Fi humohumo chumbani. Kuna pia adapta ya USB-C yenye tundu la waya wa intaneti, ila siyo kila simu inaikubali, ijaribu kabla hujalipa.

Umepanga? Usitindue ukuta wa mwenye nyumba. Waya huohuo unapita kwenye mfereji wa plastiki unaobandikwa juu ya ukuta, ukihama unaondoka nao.

Siku hizi laivu yangu haigandi, na raba anapata aliyewahi. Una mwenzio anayekarabati? Mtumie hii leo, kabla fundi hajachanganya saruji.